Vyombo vya udongo vya Wamoche na ibada ya kikombe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa kila mara mtu anapokutana kwa mara ya kwanza na picha ya chupa ya Kimoche: chombo cha udongo chenye rangi ya maziwa na wekundu wa kahawia, kitanzi juu yake, na ubavuni watu wadogo wanaokimbia, wanaopigana au wanaokunywa. Nimeyapanga kwa jinsi yanavyofuatana katika mazungumzo. Pale ambapo jambo ni zito, nimekaa nalo zaidi.

Wamoche walikuwa nani?

Ni watu walioishi pwani ya kaskazini ya Peru, takriban kati ya mwaka 200 na 850 BK. Pwani hiyo ni jangwa. Mvua karibu hainyeshi kabisa, ila mito inashuka kutoka milima ya Andes na kukata jangwa kwa mabonde ya kijani, kila bonde na mto wake: Lambayeque, Jequetepeque, Chicama, Moche, Virú, Santa, Nepeña. Wamoche walichimba mifereji wakayatawanya maji hayo, wakalima mahindi, maharage, maboga, viazi na pamba. Upande wa pili walikuwa na bahari ya maji baridi iliyojaa samaki.

Walijenga pia majukwaa makubwa ya matofali mabichi, ambayo leo huitwa huaca. Huaca del Sol, karibu na mji wa Trujillo, inakadiriwa kuwa ilimeza matofali zaidi ya milioni 140. Mkabala nayo, chini ya mlima Cerro Blanco, iko Huaca de la Luna, ambayo tutairudia hapa chini kwa sababu ya yaliyofukuliwa uani mwake.

Wengi huwachanganya na Wainka. Dola ya Inka ilipanda katika karne ya 15, wakati utamaduni wa Wamoche ulikuwa umekoma takriban miaka 600 nyuma. Jina "Moche" lenyewe ni la mto na bonde, nasi tumewapa wao. Msomaji wa Kiswahili ana bahati hapa: litamke kama lilivyoandikwa, umepatia.

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba walikuwa dola moja yenye mtawala mmoja. Siku hizi wataalamu wengi wanaona tawala kadhaa, za kaskazini na za kusini, zikitenganishwa na jangwa la Pampa de Paiján. Walichokuwa nacho kwa pamoja ni ibada, na ibada hiyo ndiyo iliyochorwa kwenye vyombo.

Kwa nini vyombo vya udongo vinapewa uzito kiasi hiki?

Kwa sababu hawakuandika. Hakuna orodha ya wafalme, hakuna sala iliyohifadhiwa, hakuna barua. Wahispania walipofika katika karne ya 16 hapakuwa na mtu wa kuulizwa kuhusu mambo ya Wamoche, maana karne nyingi zilikuwa zimepita. Walichotuachia ni udongo uliochomwa, na juu yake wakachora kwa uangalifu usio wa kawaida: vazi gani linavaliwa na nani, nani anakaa juu na nani chini, kikombe kinatoka mkono gani kwenda mkono gani.

Ile chupa yenye kitanzi juu ni ya nini?

Ni umbo lao mashuhuri kuliko yote. Kutoka mgongoni mwa chombo huchomoza mirija miwili inayopinda na kukutana juu, na pale inapokutana husimama mdomo mmoja. Kwa pembeni inafanana na kikuku cha kutilia mguu anapopanda mtu farasi, na ndiyo maana lugha za Ulaya zimeiita kwa jina hilo, ingawa Wamoche hawakuwahi kuona farasi. Kimo chake kwa kawaida ni kati ya sentimita 20 na 30.

Umbo hili halikubuniwa na Wamoche. Lilikuwepo kaskazini mwa Peru zaidi ya miaka elfu moja kabla yao, nao wakalirithi. Lina manufaa yake: kitanzi hushikika vizuri mkononi, mdomo mwembamba hauachi kinywaji kimwagike au kikauke haraka, na hewa huingia kupitia mrija mmoja wakati kimiminika kinatoka kwa mwingine. Hata hivyo, mtu anayetaka kubeba maji tu hahitaji kuhangaika hivyo. Kitanzi kilikuwa alama. Ukikiona chombo cha namna hiyo mkononi mwa mtu, ulijua shughuli iliyopo si ya jikoni.

Chupa haikuwa peke yake. Kulikuwa na mitungi yenye shingo iliyofinyangwa sura ya mtu, vyombo vya mdomo mpana uliotandazika kama ua, kata za kuchotea zenye mpini, na vikombe virefu vyenye mguu. Vikombe hivi ni vichache, lakini katika michoro ndivyo vyenye heshima kubwa kuliko vyote.

Vilitengenezwaje bila gurudumu la mfinyanzi?

Kwa mkono na kwa kalibu. Mfinyanzi alitengeneza kwanza umbo moja kwa ustadi wake wote, akalifunika kwa udongo ili kupata kalibu ya vipande viwili, akaichoma kalibu hiyo. Kisha akakandamiza udongo mbichi ndani ya kila kipande, akaviunga viwili, akalainisha mshono. Kitanzi na mdomo vilitengenezwa kando na kupachikwa. Ndiyo maana tunapata vyombo ndugu, viwili au zaidi vilivyotoka katika kalibu moja, ila kila kimoja kimepakwa na kuchorwa kivyake. Karakana zimefukuliwa Cerro Mayal katika bonde la Chicama, na pia ndani ya mji uliokuwa kati ya Huaca del Sol na Huaca de la Luna.

Baada ya kuunda, chombo kilipakwa udongo laini mweupe uliokorogwa majini mpaka ukawa kama uji mwepesi. Juu yake mchoraji alitumia udongo mwingine wenye wekundu wa madini ya chuma, kwa brashi nyembamba sana. Ukikitazama chombo kwa karibu chini ya mwanga wa pembeni, utaona mara nyingine mikwaruzo hafifu: mchoraji alipanga kwanza mchoro wake kwa kijiti butu kabla ya kutia rangi, na kuna mahali alibadili nia, mkwaruzo ukaenda huku na rangi ikaenda kule. Mimi hupenda sehemu hizo kuliko zote. Miaka 1,500 imepita na bado unamwona mtu akifikiri.

Chombo kilisuguliwa kwa jiwe laini mpaka kikang'aa, kikachomwa kwenye moto wenye hewa ya kutosha ili kibaki na rangi zake. Vile vyeusi vilichomwa kwa kuunyima moto hewa. Kung'aa kwake ni kwa kusuguliwa tu; hakuna mng'ao wa kioo uliopakwa juu.

Christopher Donnan na Donna McClelland, waliotumia miongo mingi kupiga picha na kunakili michoro hii, waliweza hata kutambua mikono ya wachoraji mmoja mmoja: jinsi huyu anavyochora goti, yule anavyofunga mkanda. Majina yao ya kweli hatutayapata, lakini mkono wa mtu hauna mshabaha.

Michoro inaonyesha nini?

Ukitazama vyombo vichache utadhani inaonyesha kila kitu: watu, bundi, popo, mbweha, kaa, simba-bahari, mashua za matete, kulungu wanaowindwa, mahindi, konokono. Ukitazama mamia, unagundua jambo jingine. Mambo mengi ya maisha hayamo kabisa. Hakuna anayelima. Hakuna anayejenga huaca, wakati walizijenga kwa karne nyingi. Hata uwindaji wa kulungu si wa kutafuta kitoweo: wawindaji wamevaa mavazi ya fahari yasiyofaa kukimbilia porini.

Kinachobaki ni matukio machache yanayorudiwa tena na tena. Wako wakimbiaji wanaopita jangwani na vifuko mkononi, huku maharage yakielea hewani kuwazunguka, na mara nyingine maharage yenyewe yameota miguu. Wako watu wanaotafuna majani ya koka chini ya upinde wa nyoka mwenye vichwa viwili, na kibuyu cha chokaa mkononi. Koka hutafunwa na chokaa, kama tambuu. Yapo mazishi, ambamo mjusi mkubwa aliyevaa kama mtu na mwenzake mwenye uso wa makunyanzi wanalishusha jeneza kwa kamba. Na kuna tukio ambalo vitu vinawaasi binadamu: rungu na ngao zimeota mikono na miguu, zinawakamata watu na kuwavua nguo. Lipo kwenye vyombo, na lilichorwa pia ukutani Huaca de la Luna.

Na kuna vita, ambavyo ndivyo mlango wa kuingilia ibada kubwa.

"Ibada ya kikombe" ni ipi?

Anza na vita. Wapiganaji wa pande zote mbili kwa kawaida wamevaa Kimoche, wanapigana mmoja kwa mmoja, na silaha yao kuu ni rungu. Hakuna mji unaochomwa wala kijiji kinachozingirwa. Anayeshinda anampiga mwenzake usoni mpaka damu inamtoka puani, anamshika nywele, anamvua mavazi na silaha, anazifunga pamoja na kuzitundika kwenye rungu lake. Kisha mateka, uchi, anaongozwa kwa kamba ya shingoni. Lengo lilikuwa kukamata, si kuua uwanjani.

Katika michoro mingine msafara wa mateka unafika kwenye jengo la ibada. Halafu linakuja tukio lenyewe, ambalo mfano wake mashuhuri umo kwenye chupa moja iliyoko Munich, Ujerumani. Mchoro umegawanywa na mkanda wa nyoka mwenye vichwa viwili. Chini, mateka wameketi uchi, mikono imefungwa nyuma, na koo zao zinakatwa ili damu ikingwe. Juu, mtu mkubwa mwenye miale inayomtoka kichwani na mabegani anapokea kikombe kirefu. Anayemkabidhi ni nusu mtu nusu ndege. Nyuma ya huyo yuko mwanamke mwenye vazi refu na kichwani vishada viwili virefu, naye ana kikombe chake na kifuniko cha kibuyu. Wa nne anafuata.

Donnan alipolichambua tukio hili katika miaka ya 1970, aliwapa wahusika herufi badala ya majina: A, B, C, D. Ulikuwa uamuzi wa busara. Kila mmoja alitambulika kwa vazi lake, chombo hadi chombo, lakini hakuna aliyekuwa na haki ya kuwabatiza. Baadaye yakazoeleka majina: Kuhani Shujaa, Kuhani Ndege, Kuhani wa Kike.

Tunajuaje kwamba si hadithi za miungu tu?

Kwa muda mrefu hatukujua. Wengi walisema haya ni mambo ya mbinguni: angalia mabawa, meno ya chui, miale. Nani aliwahi kumwona mtu wa hivyo? Jibu lilitoka ardhini.

Mapema mwaka 1987 wezi wa makaburi walivunja kaburi la dhahabu Sipán, katika bonde la Lambayeque. Polisi walimwita mwanaakiolojia Walter Alva. Alipofika aliona kwamba pale pamebaki makaburi ambayo hayajaguswa, akachimba huku akilindwa na watu wenye silaha. Miezi kadhaa baadaye alifikia jeneza la mtu anayeitwa sasa Bwana wa Sipán. Karibu na kaburi palikuwa na akiba ya vyombo vya udongo zaidi ya 1,000, vya kawaida, vilivyotolewa kwa kalibu. Ndani ya jeneza kulikuwa na taji la umbo la mwezi mwandamo, vipuli vikubwa vya masikioni, bamba la dhahabu la kuning'inia nyuma kiunoni, njuga za umbo la nusu duara, fimbo. Alva na Donnan walilinganisha kipande kwa kipande na michoro. Lilikuwa vazi la mhusika A. Huyu mwenye miale alikuwa mtu, akafa, akazikwa na nguo zake za kazi. Kaburi la pili lililofukuliwa hapo lilikuwa na kofia ya bundi na kikombe: mhusika B.

Mwaka 1991, huko San José de Moro katika bonde la Jequetepeque, Donnan na mwanaakiolojia Luis Jaime Castillo walifungua kaburi la mwanamke. Kando ya mifupa yake kulikuwa na vishada viwili vikubwa vya shaba vya kichwani, na kaburini mlikuwa na kikombe kirefu cha udongo. Huyo ni C. Makaburi mengine ya makuhani wa kike yamepatikana hapo tangu wakati ule. Na ukutani Pañamarca, katika bonde la Nepeña kusini, kulikuwa na mchoro wa mwanamke huyohuyo akibeba kikombe mbele ya msafara. Kati ya Sipán na Pañamarca kuna mamia ya kilomita, na kati ya Bwana wa Sipán na mwanamke wa San José de Moro kuna karne kadhaa. Kwa hiyo hawakuwa watu wanne walioishi wakati mmoja. Vilikuwa vyeo. Mtu akifa, mwingine anavaa vazi na kushika kikombe.

Kisha mwaka 1995 mwanaakiolojia Steve Bourget akafukua ua mmoja wa Huaca de la Luna. Alikuta mabaki ya wanaume zaidi ya 70, yamelala tabaka kwa tabaka, baadhi yamezama katika tope lililoganda. Tope jangwani maana yake ni mvua, na mvua kubwa katika pwani ile huletwa na El Niño, pale bahari inapopata joto, samaki wanapotoweka na mafuriko yanapobomoa mifereji. John Verano, mtaalamu wa mifupa, alionyesha alama za visu kwenye pingili za shingo, upande wa mbele. Koo zilikatwa, kama kwenye chupa.

Na katikati ya mifupa ile zilitapakaa sanamu za udongo mbichi, za wanaume walioketi uchi, baadhi na kamba shingoni, zilizovunjwavunjwa kwa makusudi. Jambo hili halitajwi mara nyingi, nami naliona kubwa. Walivunja udongo pamoja na watu, mahali pamoja. Kwao chombo na mwili havikuwa mbali kama tunavyoviweka sisi.

Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1998 ulipima masalio ndani ya kikombe kimoja cha namna hii na kutambua damu ya binadamu.

Waliouawa walikuwa akina nani?

Wanaume, wengi vijana na watu wazima wenye nguvu. Mifupa yao ina mavunjiko ya zamani yaliyokuwa yameshapona, na mengine mabichi ya siku au wiki chache kabla ya kifo. Yaani walikuwa watu waliozoea kupigana, na walipigana muda mfupi kabla ya kuletwa pale. Hadi hapo wataalamu wanakubaliana. Wanapotofautiana ni kuhusu vita vyenyewe: wengine wanasema yalikuwa mapambano ya kiibada kati ya mabwana wa jamii moja, wengine wanasema ni vita halisi baina ya mabonde. Mimi nadhani michoro na mifupa vinaweza kusema kweli kwa pamoja. Kinachochorwa ni sura ya heshima ya vita, na heshima hiyo haikumzuia mtu kuvunjwa mbavu.

Je, vyombo vilitumika, au vilitengenezwa kwa ajili ya makaburi tu?

Vilitumika. Vingi vina mikwaruzo, kingo zilizomeguka, na sehemu za chini zilizolika kwa kuwekwa na kuinuliwa. Vipande vya vyombo vya kifahari vinapatikana katika nyumba za mji wa Huacas de Moche, ule uliokuwa kati ya huaca mbili, si kaburini peke yake.

Kinywaji kikuu kilikuwa chicha, pombe ya mahindi yaliyooteshwa. San José de Moro imefukuliwa mitungi mikubwa kabisa ya kuipikia na kuihifadhia, imezikwa nusu ardhini, kwa idadi inayoonyesha kwamba watu wengi walikusanyika pale kwa mazishi wakala na kunywa. Kwa hiyo mchukulie Mmoche wa kawaida, ambaye hakuwahi kusogea karibu na kikombe cha damu. Yeye alimwona kuhani kwa mbali juu ya huaca, lakini chupa yenye mchoro wa kuhani aliishika mkononi kwenye karamu, akaigeuza, akamweleza mtoto wake nani ni nani. Hivyo ndivyo ibada ilivyoshuka kutoka juu ya jengo na kufika majumbani.

Mwisho wa safari mara nyingi ulikuwa kaburini kweli.

Zile sura za watu, ni watu halisi?

Ndiyo, na ni maajabu. Kati ya vyombo vya mabonde ya Chicama, Moche na Virú kuna chupa na mitungi yenye umbo la kichwa cha mtu, mwenye uso wake mwenyewe: makovu, jicho lililopofuka, shavu lililonenepa, kicheko. Yuko mwanamume mmoja mwenye kovu kwenye mdomo wa juu ambaye Donnan alimtambua katika vyombo zaidi ya 40, tangu akiwa mvulana wa kama miaka kumi hadi mtu mzima. Unamwona anakua.

Na baadhi ya watu waliotengenezewa sura za fahari namna hii wanaonekana katika vyombo vingine wakiwa mateka, uchi, kamba shingoni. Sijui chombo kingine duniani kinachoshika mabadiliko ya bahati ya mtu kwa ukatili na upole kiasi hiki.

Kuna vyombo vya watu wakijamiiana. Vilikuwa vya nini?

Vipo, na vimepewa chumba chao katika makumbusho ya Museo Larco, Lima. Jambo la kuzingatia ni kwamba navyo vilitoka makaburini, pamoja na vile vya vita na vya wanyama, na katika baadhi yake wahusika ni mifupa: wafu wanaocheza, wanaokumbatiana, wanaojamiiana na walio hai. Hapo tumeshafika kwenye mawazo kuhusu uhai, ukoo na waliotangulia. Kuvitazama kama mzaha ni kuvikosea adabu.

Michoro hii, hasa maharage, ni maandishi?

Rafael Larco Hoyle, aliyeweka misingi ya utafiti huu, aliamini kwamba alama zilizoko kwenye maharage ni maandishi. Wataalamu hawakumfuata. Alama hazijirudii kwa mpangilio wa lugha. Kilichopo ni picha zenye kanuni kali, ambazo mtu aliyefundwa aliweza kuzisoma bila neno hata moja.

Umri wa chombo unajulikanaje?

Larco Hoyle alipendekeza mwaka 1948 utazame mdomo wa chupa. Akapanga awamu tano. Mwanzoni mdomo ni mfupi wenye ukingo mnene. Awamu ya tatu unapanuka kidogo juu. Ya nne umekuwa bomba refu lililonyooka. Ya tano unachongoka kuelekea juu, na mchoro umejaa mpaka hakuna nafasi tupu. Mpango huu bado hutumika, hasa kwa mabonde ya kusini. Kaskazini haukai vizuri, na huko hutumia Moche ya Mwanzo, ya Kati na ya Mwisho.

Kwa nini viliacha kutengenezwa?

Hakuna sababu moja. Katika karne ya 6 kulikuwa na ukame mrefu na mafuriko makali ya El Niño. Lakini Wamoche waliendelea karne mbili zaidi baada ya hapo, kwa hiyo hali ya hewa pekee haitoshi. Mitindo ya Wari, dola ya milimani, iliingia, na vyombo vya mwisho vya San José de Moro vinaonyesha wachoraji wakijaribu rangi nyingi za kigeni. Makuhani waliposhindwa kutimiza walichoahidi, maji na mavuno, watu walikuwa na sababu ya kuacha kuwasikiliza. Kufikia mwaka 850 hivi, kikombe hakichorwi tena. Watu hawakupotea, wajukuu zao ndio walioishi chini ya watawala wa Lambayeque na wa Chimú, tawala zilizofuata katika pwani hiyo.

Naona vinauzwa. Naweza kununua kimoja?

Usinunue. Sheria ya Peru inavihesabu vitu vyote vya kale kabla ya Wahispania kuwa urithi wa taifa, na kuvitoa nchini ni kosa. Marekani ilizuia uingizaji wa vitu vya Sipán tangu 1990, na mwaka 1997 ikatia saini mkataba mpana zaidi na Peru.

Sheria ni sehemu moja. Sehemu nyingine ni ile niliyoieleza hapo juu kuhusu Sipán. Kama lile jeneza lingefikiwa na wezi kwanza, taji lingeenda nchi moja, bamba nchi nyingine, vipuli vingeyeyushwa, na leo tungekuwa bado tunabishana kama mtu mwenye miale aliwahi kuwepo. Sehemu kubwa ya vyombo vilivyo kwenye makumbusho duniani vilichimbuliwa bila mtu kuandika vilikuwa kaburi la nani, vimelala upande gani, pamoja na nini. Vinapendeza kuvitazama, lakini vimenyamaza. Kila kinachonunuliwa leo kinamlipa mtu akachimbe kingine.

Ukitaka chombo nyumbani, wafinyanzi wa pwani ya kaskazini ya Peru wanatengeneza vya kufuatisha, baadhi kwa kalibu kama za mababu. Nunua hicho, na kipewe jina lake: kipya.

Vya asili nitaviona wapi, na nitazame nini?

Peru: Museo Larco jijini Lima, iliyoanzishwa 1926, ambayo huruhusu wageni kuingia hata ghalani, rafu hadi dari, Museo Huacas de Moche, karibu na Huaca de la Luna, na Museo Tumbas Reales mjini Lambayeque, ambako Bwana wa Sipán amepumzishwa. Nje ya Peru, London, Berlin, New York na Chicago zina makusanyo makubwa. Picha na michoro ya Donnan na McClelland, iliyokunjuliwa kutoka mviringo wa chombo ikawa karatasi bapa, imehifadhiwa katika taasisi ya utafiti ya Dumbarton Oaks, Washington.

Ukiwa mbele ya chupa yenye mchoro, usisimame upande mmoja. Izunguke. Mchoraji alijua kwamba mwenye kuishika hawezi kuona pande zote kwa pamoja, kwa hiyo mshindi mara nyingi yuko upande huu na mateka wake anaingia machoni pole pole unapogeuka. Tafuta kwanza mikono: nani anashika nywele, nani anashika kamba. Kisha tafuta kikombe. Kikiwepo, fuata macho ya watu waliokizunguka, na utajua kinaelekea kwa nani.